Soko la Hisa Likiporomoka Wakati wa Uchaguzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wawekezaji Wadogo wa Dodoma

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya mtumishi wa umma, mstaafu, mfanyabiashara wa Majengo au mkulima wa zabibu ambaye ana hisa chache, vipande vya mfuko wa uwekezaji au hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni ili ulipwe riba), na ambaye husikia habari za masoko kuporomoka ughaibuni katika majira yale yale majukwaa ya kampeni yanapojaa ahadi za uchumi. Majibu ni ya jumla. Mwenye deni kubwa, au mwenye fedha za familia nzima mkononi mwake, azungumze kwanza na mshauri wa uwekezaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Masoko ya Marekani yakiporomoka, je, hisa zangu za Dar es Salaam zitashuka siku hiyo hiyo?

Kwa kawaida hapana, na sababu yake si ya kujivunia. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa ni chache, huku sehemu kubwa ya hisa zake ikishikiliwa na wanahisa wakubwa ambao hawauzi wala hawanunui kila siku. Bei inaweza kukaa pale pale kwa wiki kadhaa kwa kuwa hakuna biashara iliyofanyika, na utulivu wa namna hiyo usichukuliwe kuwa ni usalama. Katika soko kubwa, mtu aliyeingiwa na hofu huuza kwa hasara ndani ya dakika moja. Kwetu sisi anaweza kuweka oda ya kuuza asubuhi, ikafika jioni, ikafika wiki inayofuata, na mnunuzi asionekane kwa bei anayoitaka.

Mtikisiko wa nje hutufikia kwa njia ndefu zaidi: bei ya mazao tunayouza nje, idadi ya watalii, mikopo na misaada ya wafadhili, thamani ya shilingi, na mwisho kabisa faida za mabenki na viwanda vyetu. Athari hiyo inaweza kuchukua miezi kujitokeza kwenye taarifa za fedha za kampuni.

Kwa nini mwaka 2008 hutajwa kila panapozungumzwa uchaguzi na soko la hisa?

Kwa sababu mambo hayo mawili yaligongana mbele ya macho ya dunia nzima. Benki ya Lehman Brothers iliomba kufilisika tarehe 15 Septemba 2008, wiki saba tu kabla ya Wamarekani kupiga kura. Siku hiyo hiyo mgombea wa Republican, John McCain, alisema kwamba misingi ya uchumi wa nchi yake bado ni imara, na kauli hiyo ikamfuata hadi mwisho wa kampeni. Siku tisa baadaye alitangaza kusimamisha kampeni ili arudi Washington kushughulikia mpango wa kuyanusuru mabenki. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi liliukataa mpango huo kwa kura 228 dhidi ya 205, na fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikaanguka kwa pointi 777 kabla jua halijazama. Siku nne baadaye wabunge waliupitisha mpango uliorekebishwa, wa dola bilioni 700, na soko likaendelea kushuka vilevile.

Jambo hilo la mwisho halisemwi mara nyingi. Wananchi waliouza kwa sababu Bunge lilikataa, na wale walionunua kwa sababu Bunge limekubali, wote walikuwa wakifuata kura badala ya kufuata hali halisi ya mabenki yenyewe, ambayo yalikuwa yamejaa mikopo ya nyumba isiyolipika. Fahirisi ya S&P 500, iliyokuwa imefika kilele Oktoba 2007, ilipoteza takriban asilimia 57 ya thamani yake hadi ilipogusa chini tarehe 9 Machi 2009, yaani miezi minne baada ya Barack Obama kuchaguliwa na wiki saba baada ya kuapishwa. Uchaguzi ulikuwa umekwisha na mshindi anajulikana, lakini bei zilikuwa bado zinashuka.

Na sisi wakati huo tulikuwa wapi?

Tulikuwa tunanunua. Serikali ilikuwa imeuza sehemu ya hisa zake katika benki ya NMB kwa shilingi 600 kwa hisa, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo, wakati televisheni zikionyesha wafanyakazi wa mabenki ya New York wakitoka ofisini na maboksi mikononi. NMB iliorodheshwa tarehe 6 Novemba 2008, siku mbili baada ya Obama kushinda. CRDB ilifuata Juni 2009, baada ya kuuza hisa zake kwa shilingi 150.

Maumivu yalitufikia kwa njia niliyoieleza hapo juu. Bei ya pamba na kahawa ilianguka katika soko la dunia, wanunuzi waliokuwa wamekopa benki wakabaki na mzigo uliopoteza thamani, na Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza hapa Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, uliojumuisha kufidia hasara za wanunuzi wa mazao. Uchaguzi Mkuu ulikuwa mwaka uliofuata, na mjadala kuhusu nani hasa alinufaika na fedha hizo uliendelea kwa muda mrefu. Mwenye hisa za benki alipaswa kuufuatilia mjadala huo kwa makini kuliko habari za Wall Street, kwa kuwa mkopo wa mnunuzi wa pamba ulikuwa kwenye vitabu vya benki yake.

Bei ya hisa zangu imeshuka kwa theluthi moja. Niuze?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, na haliwezi kujibiwa kwa kutazama bei peke yake. Anza na wewe mwenyewe: fedha hizo utazihitaji lini? Ikiwa ni ada ya shule ya Januari au gharama za matibabu, basi hazikupaswa kuwa kwenye hisa, na ni afadhali kuuza sehemu inayotosheleza hitaji hilo hata kwa hasara, kuliko kukopa kwa riba kubwa ili kulinda hisa zako. Ikiwa huzihitaji kwa miaka mitano au zaidi, swali linahamia kwenye kampuni: je, bado inauza bidhaa zake, bado inapata faida, bado inatoa gawio (sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa), na je, madeni yake yanalipika?

Mfano wa karibu ni CRDB. Mwaka 2015 benki hiyo iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Baada ya hapo serikali iliagiza taasisi za umma kuhamishia amana zao Benki Kuu, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ikaongezeka katika mabenki mengi, faida zikapungua, na kufikia mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya ile bei ya 150 ya mwaka 2009. Aliyenunua hisa 1,000 kwa shilingi 350,000 aliona thamani yake ikipungua kwa zaidi ya nusu. Waliouza wakati huo walikuwa na sababu zinazoeleweka, kwa kuwa kushuka huko hakukuwa kwa uvumi. Kulikuwa na sababu ndani ya vitabu vya benki. Lakini sababu hizo zilikuwa za aina inayoweza kurekebishwa. Mikopo mibovu ilipoanza kusafishwa na faida kurejea, bei ilipanda tena na kuvuka 350. Mtu aliyekuwa akisoma taarifa za kila robo mwaka, ambazo mabenki hulazimika kuzitangaza, aliuona mwelekeo huo kabla bei haijasogea.

Kuna kosa la pili ambalo ni la soko dogo kama letu: kuweka oda ya kuuza hisa zote kwa mkupuo kwa bei yoyote itakayopatikana. Pale ambapo wanunuzi ni wachache, muuzaji mwenye haraka hujishushia bei mwenyewe. Anayelazimika kuuza agawe hisa zake mafungu, na amweleze dalali bei ya chini kabisa anayoikubali.

Wanasema ukisubiri, soko hurudi. Ni kweli?

Mara nyingi ni kweli, ila hakuna mkataba unaosema hivyo. S&P 500 ilirudi kwenye kiwango chake cha 2007 mwaka 2013. Aprili 2025, baada ya Rais Donald Trump kutangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nchi nyingi, fahirisi hiyo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya siku mbili, kisha tarehe 9 Aprili ikapanda kwa takriban asilimia 9.5 ndani ya siku moja baada ya sehemu ya ushuru huo kuahirishwa. Aliyeuza tarehe 8 aliikosa siku hiyo. Hata hivyo Japani inatufundisha jambo tofauti: fahirisi ya Nikkei ilifika kilele chake mwisho wa mwaka 1989 na haikukiona tena hadi Februari 2024. Hiyo ni miaka 34. Mfanyakazi aliyenunua akiwa na miaka 40 alifikisha 74 akisubiri, ingawa katika muda huo alipata gawio.

Zaidi ya hayo, soko kurudi si sawa na kampuni yako kurudi. Fahirisi huendelea na kampuni zilizobaki, na zilizokufa huondolewa kimya kimya.

Uchaguzi unapokaribia, je, nitoe fedha zangu zote kwenye hisa?

Majirani zetu wa Kenya wana uzoefu mrefu zaidi katika hili. Safaricom iliuza hisa zake kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, miezi michache baada ya machafuko ya baada ya uchaguzi, na maombi yakazidi kiwango kilichotolewa mara kadhaa. Hadi mapema mwaka 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Watu wengi walilaumu siasa, lakini mtikisiko wa dunia ulikuwa na mkono wake. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais, bei zilishuka kwa kasi hata biashara ikasimamishwa kwa nusu saa. Safaricom ya leo ina thamani kubwa mara kadhaa kuliko ile bei ya 5.

Hapa kwetu, funzo la karibu zaidi halihusu bei. Kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, huduma ya intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa nchini. Mwekezaji aliyezoea kununua na kuuza kwa simu alijikuta hana njia ya kutoa oda wala kuangalia salio lake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usitoe fedha zote, bali hakikisha kabla ya siku ya kura una fedha taslimu au salio la benki la kutosha matumizi ya mwezi mmoja au miwili, na kwamba hakuna deni unalotegemea kulilipa kwa kuuza hisa wiki hiyo.

Wagombea wanaahidi kushusha kodi, kutoa mikopo na kuongeza pensheni. Nizipimeje ahadi hizo kama mwekezaji?

Ahadi ya jukwaani haibadilishi mapato ya kampuni hadi iwe sheria, kanuni au kifungu cha bajeti. Sisi wa Dodoma tuna bahati ya kuwa karibu na mahali hayo yanapoamuliwa: hotuba ya bajeti husomwa Bungeni mwezi Juni, na Muswada wa Sheria ya Fedha unaoambatana nayo ndio unaosema nani atalipa nini kuanzia tarehe 1 Julai. Ukurasa mmoja wa muswada huo una uzito kuliko mikutano kumi ya hadhara.

Chukua Vodacom Tanzania. Hisa zake hazikuingia sokoni kwa hiari tupu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliyataka makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476. Watanzania pekee hawakutosha kuzinunua zote kwa wakati, ikabidi mlango ufunguliwe kwa wageni pia. Baadaye bei ilishuka chini ya 850 na kukaa huko kwa miaka. Wengi walinunua wakiamini kwamba jambo lililoagizwa na serikali haliwezi kuwatia hasara, ilhali sheria iliamuru hisa ziuzwe tu. Haikuahidi kuwa zitapanda.

Mafao yangu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yataathirika soko likianguka?

Si kwa namna ya Wamarekani. Wafanyakazi wengi wa huko hujiwekea akiba ya uzeeni katika akaunti binafsi zenye hisa, ndiyo maana mwaka 2008 watu waliokaribia kustaafu waliahirisha kustaafu. Mafao ya mwanachama wa PSSSF hukokotolewa kwa mshahara na muda wa kuchangia, na bei ya hisa haimo katika kanuni hiyo. Kinachoyabadilisha ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, nacho ni suala la siasa moja kwa moja: kanuni za mwaka 2018 zilisitishwa mwishoni mwa mwaka huo huo baada ya malalamiko ya wafanyakazi, mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani. Mtumishi anayekaribia kustaafu ana sababu kubwa zaidi ya kufuatilia kampeni kuliko mwenye hisa.

Hatifungani za serikali ziko salama kabisa?

Malipo yake yanadhaminiwa na serikali, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na unaweza kuanza na shilingi milioni moja katika minada ya Benki Kuu. Anayeshikilia hadi mwisho hana haja ya kujali bei ya sokoni. Anayetaka kuuza njiani ndiye mwenye hatari: hatifungani ya milioni moja yenye riba ya asilimia 12 hulipa 60,000 kila miezi sita, na ikiwa mpya zimeanza kutoa asilimia 15, hakuna atakayeinunua ya kwako kwa milioni kamili. Kinyume chake pia hutokea. Benki Kuu iliposhusha viwango vya riba mwaka 2022, walioshikilia hatifungani za zamani za miaka 20 zenye asilimia 15.49 waliweza kuziuza kwa bei ya juu kuliko waliyonunulia.

Na vipande vya UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja?

Inategemea mfuko. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005, huchanganya hisa na hatifungani, hivyo thamani ya kipande inaweza kuguswa na kushuka kwa hisa. Mfuko wa Ukwasi na ule wa Hatifungani hutegemea zaidi riba.

Bima ya amana inafidia hasara ya hisa?

Haifidii. Bodi ya Bima ya Amana hulinda fedha zilizowekwa benki, hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwekaji mmoja katika benki iliyofungwa. Kununua hisa za benki si kuweka amana katika benki hiyo.

Je, si bora kununua kiwanja Ihumwa au Nala kuliko kuhangaika na hisa?

Waliokuwa na viwanja Dodoma kabla ya Julai 2016, serikali ilipotangaza kuhamia hapa, walipata faida ambayo hisa chache zingeweza kuifikia. Lakini tuseme ukweli: faida hiyo ilitokana na uamuzi mmoja wa kisiasa ambao ulikuwa umesubiriwa tangu mwaka 1973. Aliyenunua baadaye kwa bei iliyokwisha kupanda hawezi kutarajia uamuzi wa pili wa namna hiyo. Kiwanja hakitoi gawio, huwezi kuuza robo yake kulipa ada, na bei yake haichapishwi kila jioni, jambo ambalo huwafanya wengi waamini kwamba haishuki. Mwenye kiwanja kisicho na hati aimalize hati kwanza kabla ya kufikiria kingine chochote.

Rafiki amenialika katika kundi la simu linalolipa asilimia 30 kwa mwezi, akisema halitegemei soko. Nijiunge?

Usijiunge. Majira ya hofu ndiyo mavuno ya matapeli. Mwaka 2009, dunia ikiwa katikati ya mtikisiko, maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanda fedha zao katika DECI, ambako mwanachama aliitwa mpanda mbegu na malipo yaliitwa mavuno, na waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata hadi serikali ilipoufunga mchezo huo. Kabla ya kutoa hata shilingi elfu kumi, iulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama mhusika ana leseni.

Hisa zimekuwa rahisi. Nikope ili ninunue?

Hapana. Gawio hutozwa kodi ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa, na linalobaki ni nadra kufikia riba ya mkopo wa mtumishi. Benki itakata marejesho kwenye mshahara kila mwezi, bei ipande au isipande.

Ni lazima nisafiri hadi Dar es Salaam kununua au kuuza?

Si lazima. Akaunti ya CDS, ambamo hisa zako hutunzwa kielektroniki, hufunguliwa kupitia dalali mwenye leseni au baadhi ya mabenki yenye matawi hapa Dodoma, na programu ya simu ya Hisa Kiganjani hupokea oda. Hakikisha namba ya simu na akaunti ya benki zilizosajiliwa ni zile unazotumia sasa, kwa sababu gawio la wanahisa waliohama vituo vya kazi au kubadili laini hukaa bila kuchukuliwa kwa miaka. Waeleze pia wanaokutegemea kwamba hisa hizo zipo, na uwaonyeshe mahali namba ya akaunti ilipoandikwa.